Namna ya Kuandaa Chemshabongo ya Kila Siku Kutokana na Matukio ya Siku Kama ya Leo

Kila muhula hunijia walimu, viongozi wa vyama vya Kiswahili vya shule na vijana wa makanisani na misikitini hapa Kampala wakiwa na maswali yale yale: matukio yanapatikana wapi, maswali yawe mangapi, na siku ambayo haina tukio lolote linalojulikana hufanywaje? Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi, na kila mara nimesahau jambo moja au mawili, kwa hiyo nimeona heri niyaandike yote mahali pamoja. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuendesha chemshabongo fupi, ya dakika kumi hivi, kila siku, inayotokana na mambo yaliyotokea tarehe kama ya leo katika miaka iliyopita.

Nalisema jambo moja mapema, kwa sababu ndilo linaloziangusha chemshabongo nyingi. Katika mchezo huu tarehe ndiyo msingi wa swali, hata pale ambapo haikuulizwa. Ukikosea jina la mji utasahihishwa na mtaendelea. Ukikosea tarehe, swali lenyewe halikuwa na haki ya kuulizwa siku hiyo.

Vitu unavyohitaji kabla ya kuanza

- Kaunta buku nene, au madaftari mawili makubwa, yatakayotosha kurasa 366. Usisahau ukurasa wa 29 Februari.
- Kalamu mbili za rangi tofauti: nyeusi kwa tarehe iliyothibitishwa, nyekundu kwa tarehe ambayo bado unaichunguza.
- Vitabu viwili au vitatu vya historia ya Uganda na Afrika Mashariki, na bando la intaneti la kutosha angalau mara moja kwa wiki.
- Kibali cha kuingia maktaba yenye magazeti ya zamani. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Makerere ni mahali pazuri pa kuanzia.
- Karatasi za manila na kalamu ya wino mzito, ikiwa mnakutana ana kwa ana. Simu moja yenye kundi la WhatsApp, ikiwa mko mbalimbali.
- Mtu mmoja mwenye subira atakayesomewa maswali kabla hayajatolewa, na ambaye hatashiriki kuyajibu.

Hatua kwa hatua

1. Amua unawauliza nani, na saa ngapi. Wanafunzi wa sekondari kwenye paredi ya asubuhi hawafai kuulizwa kama wazee wanaokutana baada ya ibada. Chagua saa moja na usiihamishe, maana watu huzoea saa kabla hawajauzoea mchezo.

2. Gawa daftari kwa tarehe, usiligawe kwa mwaka. Ukurasa mmoja ni tarehe moja. Juu andika tarehe, chini acha mistari ya matukio, na pembeni acha nafasi ya kuandika mwaka ulipoliuliza swali hilo. Ukifanya hivi, kazi ya mwaka wa kwanza itakuhudumia mwaka wa pili na wa tatu.

3. Kusanya matukio kuanzia nyumbani kwenda nje. Anza na Uganda, kisha majirani, kisha Afrika, kisha dunia. Wengi hufanya kinyume: hufungua orodha ya kigeni ya matukio ya siku na kunakili vifo vya wafalme wa Ulaya ambao hakuna mshiriki hata mmoja aliyewahi kuwasikia. Jaza kwanza zile tarehe ambazo Mganda yeyote ana la kusema juu yake: 9 Oktoba 1962, siku ya uhuru, 25 Januari 1971, Idi Amin alipoipindua serikali ya Milton Obote, 26 Januari 1986, jeshi la NRA la Yoweri Museveni lilipoitwaa Kampala, 8 Oktoba 1995, Katiba ya sasa ilipotangazwa rasmi, 31 Julai 1993, Kabaka Ronald Muwenda Mutebi II alipotawazwa kuwa mfalme wa Buganda huko Naggalabi, Buddo. Nenda nyuma pia: 10 Machi 1900, Mkataba wa Buganda, 29 Aprili 1954, Malkia Elizabeth II alipolifungua bwawa la Owen Falls huko Jinja.

   Usiisahau michezo, kwani ndiyo inayowafungua midomo watu wanaoogopa historia. Mwezi wa Agosti umejaa wakimbiaji wetu: Dorcus Inzikuru alikuwa bingwa wa dunia wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji mjini Helsinki tarehe 8 Agosti 2005, Stephen Kiprotich alishinda marathoni ya Olimpiki mjini London tarehe 12 Agosti 2012, Joshua Cheptegei alivunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 mjini Monaco tarehe 14 Agosti 2020, na Peruth Chemutai alitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Tokyo tarehe 4 Agosti 2021. Kisha tarehe 2 Septemba yupo John Akii-Bua, aliyeipa Uganda dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki mjini Munich mwaka 1972, katika mita 400 kuruka viunzi, kwa rekodi ya dunia ya sekunde 47.82.

4. Hakiki kila tarehe kabla ya kuiandika kwa wino mweusi. Hapa ndipo ninapokuomba usiwe na haraka. Tafuta mashahidi wawili ambao hawakunakiliana. Kurasa kumi za intaneti zenye sentensi ile ile ni shahidi mmoja aliyerudufiwa mara kumi, na kama wa kwanza alikosea basi wote wamekosea. Kitabu kimoja na gazeti moja la wakati huo ni mashahidi wawili wa kweli. Ninajua mitego mitano, na yote nimewahi kunaswa nayo.

   Mtego wa kwanza ni gazeti lenyewe. Gazeti la asubuhi hueleza mambo ya jana, na anayenakili tarehe iliyo juu ya ukurasa badala ya kusoma habari yenyewe huyasogeza matukio siku moja mbele.

   Wa pili ni usiku. Makomando wa Israeli walitua Entebbe kuwaokoa mateka wa ndege ya Air France mnamo mwaka 1976, karibu na saa sita za usiku, kati ya Jumamosi tarehe 3 na Jumapili tarehe 4 Julai. Ukiandika tarehe 3 utapingwa, na ukiandika tarehe 4 bila maelezo utapingwa vilevile. Kiswahili kimetupa njia safi ya kulisema jambo hili: usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai. Itumie. Bendera ya Uganda nayo ilipandishwa Kololo usiku wa kuamkia 9 Oktoba. Ukimhoji mzee aliyekulia pwani, mwulize tena, kwa sababu akisema "usiku wa Jumapili" huenda anakusudia usiku unaoutangulia mchana wa Jumapili, kwa hesabu ya zamani ya siku inayoanza jua linapotua.

   Wa tatu ni tofauti ya saa baina ya nchi. Vitabu vya Marekani husema Neil Armstrong alikanyaga mwezini tarehe 20 Julai 1969, na kwao ilikuwa hivyo, usiku. Hapa Kampala ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika nne, alfajiri ya tarehe 21. Tarehe zote mbili ni sahihi, mradi swali liseme ni saa za wapi.

   Wa nne ni mabadiliko ya kalenda. Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi yalitokea tarehe 7 Novemba 1917 kwa kalenda tunayoitumia, ingawa jina lake linatokana na tarehe 25 Oktoba ya kalenda waliyokuwa nayo wakati ule.

   Wa tano ni kuchanganya kutokea na kutangazwa, au kutiwa saini na kuanza kutumika. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa tarehe 16 Februari 1977, lakini serikali ya Amin ilitangaza kifo chake siku iliyofuata na kudai kwamba ilikuwa ajali ya gari. Mtu anayekumbuka alivyoisikia habari hiyo redioni anaweza kukuapia kwamba ilikuwa tarehe 17, naye hasemi uongo: anaikumbuka siku ya tangazo.

5. Chagua maswali matano, si zaidi. Mawili yawe mepesi, mawili ya kati, moja gumu. Nimeona watu wakianza na maswali ishirini kwa siku kwa moyo mkunjufu, na kufikia wiki ya tatu hawana nguvu wala matukio.

6. Andika swali linalomfanya mtu afikiri, usiulize mwaka tu. "Je, jambo hili lilitokea mwaka gani?" ni swali la mtu aliyechoka. Anayekumbuka hujibu mara moja, na asiyekumbuka hana mahali pa kushika. Mpe mshiriki ngazi ya kupandia. Badala ya kuuliza mwaka wa dhahabu ya Akii-Bua, uliza: "Mwezi mmoja baada ya Amin kutangaza kuwafukuza Waasia, Mganda mmoja alipanda jukwaa la ushindi mjini Munich. Ni nani, na alishinda mbio zipi?" Asiyejua jina huenda akaujua mwaka, anayeujua mwaka ataifikia Olimpiki, na mazungumzo yataanza.

   Chunga maneno. Mara nyingi husomwa kwamba tarehe 28 Julai 1862 John Hanning Speke "aligundua" chanzo cha Nile. Watu wa Busoga na Buganda walikuwa wakinywa maji yale na kuvua samaki pale vizazi vingi kabla yake. Andika kwamba Speke alifika pale, kwa kuwa ndilo lililotokea tarehe hiyo. Vivyo hivyo, usiandike kwamba Tanzania ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Iliyopata uhuru siku hiyo ni Tanganyika. Muungano na Zanzibar ulikuja tarehe 26 Aprili 1964.

   Swali linalowaangusha hata walimu ni hili: Rais wa kwanza wa Uganda alikuwa nani? Wengi hujibu Obote. Obote alikuwa Waziri Mkuu wakati wa uhuru, na mkuu wa nchi bado alikuwa Malkia wa Uingereza, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Walter Coutts. Rais wa kwanza alikuwa Kabaka Mutesa II, aliyeshika wadhifa huo tarehe 9 Oktoba 1963. Swali hili liweke tarehe 9 Oktoba, siku ambayo wote wanafikiria mwaka 1962 peke yake.

7. Ukitoa majibu ya kuchagua, yawe ya aina moja na ya uzito mmoja. Jibu sahihi lisiwe refu kuliko mengine. Yasiwepo majibu ya kuchekesha katika swali linalohusu kifo au vita.

8. Pima kumbukumbu hiyo ina uzito gani kwa watu watakaoulizwa. Historia ya Uganda iko karibu mno na watu waliomo chumbani. Siku moja ya 24 Mei niliuliza swali kuhusu kushambuliwa kwa Lubiri, jumba la Kabaka huko Mengo, mwaka 1966, nikalisoma kwa sauti ya mashindano, na mzee mmoja akanyanyuka na kutoka nje. Baadaye aliniambia kwa upole kwamba alikuwa kijana Mengo siku ile. Tangu hapo nina kanuni ninazozifuata bila kuyumba: siulizi idadi ya waliokufa, siulizi namna mtu alivyouawa, na siweki mashindano ya kasi juu ya tukio la namna hiyo. Tarehe 16 Februari nauliza, "Leo ni sikukuu ya kumkumbuka nani, na alikuwa na cheo gani katika Kanisa la Uganda?" Hilo latosha. Kuhusu kufukuzwa kwa Waasia, nauliza walipewa siku ngapi za kuondoka, ambazo ni 90, kisha nawaachia wanaokumbuka wazungumze. Kuyaruka matukio haya kabisa si heshima, kwa maana vijana watabaki wakidhani hayakutokea; yasome taratibu, na baada ya jibu nyamaza kidogo.

9. Msomee yule mtu wako mwenye subira. Msomee kwa sauti, asione karatasi. Akiuliza "unamaanisha nini?" hata mara moja, liandike swali upya.

10. Endesha kwa utaratibu ule ule kila siku. Taja tarehe, soma swali mara mbili, toa nusu dakika, kisha nenda kwenye lingine. Miaka iandike kwa tarakimu kwenye manila au uitaje polepole, kwani mshiriki anayejifunza Kiswahili akisikia "elfu moja mia tisa sabini na mbili" huwa bado anahesabu wakati wenzake wanaandika jibu. Utajapo saa, sema ni ya asubuhi, jioni au usiku. Saa tatu peke yake haitoshi.

11. Toa majibu pamoja na sentensi mbili za maelezo. Moja ieleze lililotokea, nyingine ieleze lilizaa nini. Kisha andika pembeni mwa ukurasa ni wangapi waliopata. Swali lililopatwa na wote au lililomshinda kila mtu lifanyiwe marekebisho kabla ya mwaka ujao.

Mfano wa siku moja kamili: 30 Novemba

Nimeichagua tarehe hii kwa makusudi, kwa kuwa wengi huiona kama siku tupu.

Swali la kwanza, jepesi: Tarehe kama ya leo mwaka 1999, marais wa Uganda, Kenya na Tanzania walitia saini mkataba wa kuianzisha upya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Walikutana katika mji gani? Jibu ni Arusha.

Swali la pili, jepesi: Mwaka 1953, Gavana Andrew Cohen alimwondoa Kabaka Mutesa II nchini na kumpeleka kwa ndege uhamishoni. Alipelekwa nchi gani? Jibu ni Uingereza.

Swali la tatu, la kati: Kabaka huyo alirudi nyumbani kabla au baada ya Uganda kupata uhuru? Jibu ni kabla. Alirudi tarehe 17 Oktoba 1955. Swali hili hupotosha wengi, kwa sababu Mutesa alikwenda uhamishoni mara mbili, na safari ya pili, baada ya mwaka 1966, hakurudi akiwa hai. Kwa hiyo ni lazima lifuate lile la mwaka 1953 moja kwa moja.

Swali la nne, la kati: Kisiwa kimoja cha Karibi kilipata uhuru kutoka kwa Uingereza tarehe kama ya leo mwaka 1966, miaka minne baada ya Uganda. Kinaitwaje? Jibu ni Barbados.

Swali la tano, gumu: Ule mkataba wa Arusha ulianza kutumika tarehe ipi ya mwaka uliofuata, tarehe ambayo leo ni sherehe kubwa kwa kila anayeipenda lugha hii? Jibu ni 7 Julai 2000. Tarehe 7 Julai ndiyo Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021.

Tazama jinsi swali la tano linavyorudi kwa la kwanza. Si lazima iwe hivyo kila siku, lakini ikitokea, washiriki hupata hisia kwamba matukio ya dunia yameshikana mikono.

Pale mambo yanapokwama

*Tarehe ya leo haina tukio.* Karibu kila tarehe ina tukio. Ni daftari lako ambalo bado halijajaa. Kwa sasa uliza kuhusu mtu aliyezaliwa au kufariki siku hiyo, au tukio la wiki hii, mradi useme wazi kwamba ni la wiki. Usilihamishe tukio la jana lije leo kimyakimya. Atakayekugundua hatakuamini tena, naye atakuwa na haki.

*Washiriki wanapekua majibu kwenye simu.* Punguza muda hadi sekunde ishirini, na uliza maswali ya kupanga: "Panga matukio haya matatu kuanzia la zamani zaidi." Kupekua matatu huchukua muda mrefu kuliko kufikiri. Katika kundi la WhatsApp, omba majibu yatumwe kwako peke yako ndani ya dakika tano, kisha uyatangaze kwa pamoja.

*Mtu yule yule anashinda kila siku.* Mpe kazi ya kuandaa maswali ya Ijumaa. Atafurahi, na wengine watapumua.

*Jibu lako linapingwa.* Usibishane mbele ya watu. Sema, "Nitalichunguza, nitaleta jibu kesho," na kesho ulilete kweli, pamoja na ulikolipata. Ukiwa umekosea, rudisha alama kwa aliyenyimwa na ubadilishe wino mweusi kuwa mwekundu katika daftari. Ikiwa vyanzo vizuri vinatofautiana, kama vinavyotofautiana kuhusu tangazo la kuwafukuza Waasia, ambalo huandikwa 4 au 5 Agosti 1972, basi tarehe isiwe sehemu ya jibu.

*Baadhi yao Kiswahili ni kigeni kwao.* Hili ni la kawaida hapa kwetu. Soma swali kwa Kiswahili sanifu, ruhusu kikundi kishauriane kwa Luganda, Runyankole au Acholi, lakini jibu litolewe kwa Kiswahili. Katika wiki chache utawasikia wakianza kushauriana kwa Kiswahili pasipo kuambiwa.

*Umechoka, na kazi ya kila jioni inakulemea.* Acha kuandaa kila jioni. Tenga saa mbili za Jumamosi, andaa siku saba kwa pamoja, na uwe na bahasha ya maswali kumi ya akiba yasiyofungwa na tarehe, kwa ajili ya siku utakayougua, utakayosafiri au ambayo umeme utakatika kabla hujamaliza kunakili.